Nywele za Msiba wa Manase

Campsie, Sydney
9 Machi 1986

Shangazi yangu Lesieli,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na kwamba yule jogoo wa mchungaji ameshaliwa, maana katika barua yako ya Krismasi ulimlalamikia ukurasa mzima. Sisi huku wazima. Leni ameanza shule. Siku ya kwanza alirudi analia kwa sababu mwalimu ameshindwa kulitamka jina lake, siku ya pili akarudi anacheka kwa sababu hiyo hiyo. Mume wangu Keith yuko zamu za alfajiri kwenye treni. Mimi bado niko kiwanda cha biskuti, ila nimehamishiwa upande wa kufunga pakiti, huko hakuna joto la tanuri.

Sasa kuna jambo. Mama mkwe, Bi Beryl, anatimiza miaka sitini mwezi wa Agosti, na amesema hataki keki ukumbini, anataka meli ya kitalii. Ametulipia sote. Nilipoletewa karatasi ya safari nikaipitia: Suva, kisha Neiafu. Bandari yetu ya Neiafu, Shangazi! Asubuhi tunatia nanga, jioni tunaondoka. Nilicheka peke yangu jikoni. Niliondoka kisiwani Vava'u na sanduku la kuazima, sasa naletwa kama mtalii, na kofia kubwa kichwani.

Nimefikiri hivi: uje melini tule chakula cha mchana. Jina lako nitaliandikisha mapema. Wanasema ukumbi wa kulia ni mkubwa kuliko kanisa la Makave. Bi Beryl anatamani sana kukuona, nimemsimulia habari zako nyingi. Niandikie nikuletee nini.

Barua ya Fusi ya mwezi wa kumi niliipata. Asante kwa kumsaidia mdogo wangu kuiandika.

Mwana wa kaka yako,
Tapaita


Makave, Vava'u
20 Aprili 1986

Tapaita,

Barua yako imeletwa na boti ya kutoka mji mkuu, Nuku'alofa, imelowa upande mmoja, lakini imesomeka. Goti halijapoa na jogoo hajaliwa. Vanila imezaa vizuri mwaka huu. Kwaya imegawanyika sehemu mbili kwa ajili ya nani akae karibu na dirisha, na mchungaji ameshindwa kuwapatanisha, kwa hiyo tunaimba kama watu wa vijiji viwili tofauti. Fusi ameposwa na Lisiate wa kijiji cha Leimatu'a. Ni kijana mpole, anakula sana.

Meli tumeisikia. Wanawake wa hapa tayari wanasuka vikapu vya kuwauzia wenzako.

Fusi katika barua ile alilia zaidi ya kuandika, kwa hiyo nikueleze mambo yalivyo. Baada ya kumzika baba yako tulikaa mpaka siku ya kumi, kisha nikawakata nywele watoto wake, kaka zako wawili na Fusi, kama inavyompasa shangazi. Kimebaki kichwa kimoja. Msiba wa Manase haufungwi wakati binti yake mkubwa anatembea na nywele zake zote. Mimi bado nimevaa nyeusi. Watu wa Lisiate wameuliza harusi lini, nikawaambia wangoje. Siwezi kwenda kukaa mbele kwenye mikeka ya harusi nikiwa na msiba mwilini, na wao hawawezi kumwoa binti bila shangazi wa binti kukaa pale. Kwa hiyo sote tunakungoja wewe.

Usilete kitu. Njoo nyumbani. Kutoka gatini ni mwendo mfupi, unaujua. Utapita makaburini kwanza, kisha uje kwangu nikukate, tule, urudi kwenye meli yako.

Shangazi yako,
Lesieli


Campsie
1 Juni 1986

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Hongera kwa vanila, na hongera kwa Fusi, mwambie ampe huyo Lisiate sufuria lake peke yake. Huku baridi imeingia. Leni alikuwa na mafua, amepona. Bi Beryl ameshona magauni matatu ya safari, jeupe moja, na mengine mawili yana maua makubwa mno. Usiku wa baada ya Neiafu kuna karamu ya nahodha. Watu huvaa kama wanakwenda kwa mfalme, na vitambaa vya mezani hukunjwa mfano wa bata. Bi Beryl amepata picha za safari ya rafiki yake, tunaziangalia kila Jumapili.

Shangazi, nimeuliza kuhusu muda. Wanasema watalii hupelekwa na mabasi kuangalia mapango na fukwe, na kurudi kuna foleni. Naogopa nikija Makave nitaachwa na meli. Na Leni hajazoea jua. Na Bi Beryl siwezi kumwacha peke yake siku yake. Kwa hiyo naona ni vyema wewe uje, kama nilivyosema. Kuna wali, kuna nyama ya kondoo, kuna aiskrimu.

Kuhusu yale mengine, tutaona.

Keith anakusalimu sana.

Tapaita


Makave
6 Julai 1986

Tapaita,

Tuko wazima. Jogoo amekufa mwenyewe.

Nimekuandikia habari za baba yako, umenijibu habari za bata wa vitambaa. Haya. Tangu Oktoba hujaliandika jina lake hata mara moja. Nimezirudia barua zako zote na miwani ya mchungaji, halimo.

Ndugu wa Lisiate walikuja tena Jumamosi. Walikaa, walikula, hawakuuliza kitu, na huko kutouliza kulikuwa kubaya kuliko kuuliza. Fusi aliingia jikoni, akatoka na macho mekundu, akasema ni moshi. Hatukuwa tumewasha moto. Wakingoja mpaka mwaka mpya, nadhani watamtafutia kijana wao mtu mwingine, na sitawalaumu.

Nitakuja melini. Nimeambiwa na Kelepi wa forodhani kwamba wageni wanaruhusiwa hadi honi ya kwanza. Mkasi nitauweka kikapuni. Mengine ni yako.

Lesieli


Makave
24 Agosti 1986

Tapaita,

Fusi anakusalimu, kaka zako wanakusalimu. Nguruwe tuliyekufugia tumemla wenyewe. Alikuwa na mafuta mno.

Najua ulikuwepo, lakini ulikuwa upande wako wa mlango. Nakuandikia yaliyotokea upande wangu.

Nilifika gatini asubuhi na nguo zangu nyeusi, na mkeka wa msiba kiunoni. Bendi ilikuwa inapiga, na watalii walikuwa wameshakuwa wekundu mabegani kabla hata jua halijapanda. Nilipofika juu ya ngazi, mfanyakazi mmoja aliyevaa nyeupe akanishika mkono kwa adabu sana, akanipitisha nyuma ya ukumbi hadi kwenye chumba cha wacheza ngoma, akanionyesha mahali pa kukaa mpaka zamu yangu ifike. Nikamwambia mimi si mchezaji, mimi ni shangazi. Cheo hicho hakukijua. Mle ndani walikuwa mabinti wa kwaya yetu, wamejipaka mafuta wanameremeta. Walicheka mpaka mmoja akalikalia shada lake. Ilibidi mumeo aitwe aje kunitoa. Keith ni mrefu kuliko picha zake.

Mezani tukawa mimi, Keith, mtoto na mkwe wako. Kiti chako kilikuwa kitupu. Wakasema bahari imekuchafua tumbo. Meli ilikuwa imefungwa gatini kwa kamba nene kama paja langu, na bandari yetu unaijua, haina wimbi la kumwaga chai. Wakaleta samaki mbichi wa tui la nazi kwenye kikombe kidogo, nikadhani ni wa kuonja tu, nikangoja sahani. Kumbe ndicho chakula chenyewe.

Bi Beryl ni mtu mwema, tuseme ukweli. Aliongea polepole ili Kiingereza changu cha misheni kimfikie. Leni ana masikio ya baba yako. Nilimwangalia mtoto huyo nikala kidogo. Kisha mkwe wako akausifu mkeka wangu wa kiunoni, akauliza kama wanawake wa gatini wanauza wa namna ile, uliochakaa vizuri hivyo. Nikamwambia huu hauuzwi, ni wa msiba.

"Jamani, pole sana. Umefiwa na nani?"

"Kaka yangu."

Akanishika mkono. Halafu nikaona anafikiri. "Huyo ni kaka yako mwingine," akasema. "Si baba yake Tapaita."

"Sina kaka mwingine."

"Lakini aliniletea salamu za Pasaka! Tapaita mwenyewe aliniambia, baba anakusalimu."

Keith akaweka uma chini. Akanitazama mimi, akamtazama mama yake. Hakuna aliyekuwa anajua. Tapaita, tangu Oktoba unalala kitanda kimoja na mume asiyejua kwamba mkwewe amekufa, na unamletea mama yake salamu kutoka kaburini. Nilikasirika, sikufichi. Nilichukua kikapu changu niende zangu. Nilisema moyoni, huyu si wetu tena, basi, Fusi atatafutiwa njia nyingine.

Bi Beryl ndiye aliyesimama kwanza. Alisema, "Twende, nikuonyeshe chumba chao." Tukashuka ngazi, tukapita korido ndefu yenye zulia. Akagonga, akakuita kwa jina. Akagonga tena kwa pete yake. Nikamwambia aache.

Nikaketi chini, mbele ya mlango wako. Mimi nimezoea. Baba yako na mimi tangu tulipokuwa wakubwa hatukukaa chumba kimoja, maana kaka na dada hawakai chumba kimoja. Maisha yetu yote tumeongea yeye akiwa ndani na mimi nje, au mimi ndani na yeye nje, na hakuna tulichoshindwa kuambiana. Mkwe wako akanitazama nilivyoketi, naye akaketi, na lile gauni jeupe. Abiria wakawa wanaturuka. Mzee mmoja mwenye kaptura akauliza kama hii ni foleni ya kitu gani.

Sikukutajia kaburi wala nywele. Nilikueleza kwaya ilivyogawanyika, na jogoo alivyokufa, na Kelepi alivyoanguka kwenye boti akiwa amebeba mayai. Nilikusikia unavuta pumzi, chini, karibu kabisa, nikajua nawe umeketi sakafuni. Honi ya kwanza ikalia. Nikasema, "Tapaita, mimi nashuka sasa. Siwezi kuvunja mlango wa watu."

Ndipo kitasa kikageuka. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, na msuko wako ukatoka. Ulikuwa umesukwa mmoja, mnene, umefungwa vizuri mwishoni na umepakwa mafuta. Hukuusuka wakati ule. Ulikuwa umejiandaa tangu asubuhi, mwanangu, ila ulishindwa kuinuka.

Nikakata. Ilichukua muda, nywele zenu za ukoo ni ngumu. Bi Beryl aliushika msuko juu kidogo ili usikuvute kichwa, bila mtu kumwambia afanye hivyo. Nilipoufikia mzizi niliona mvi. Nyingi. Mimi wakati wote nilikuwa nabishana na msichana niliyemsindikiza uwanja wa ndege, kumbe huyo alishaondoka zamani.

Hasira ikaniisha palepale. Uso wako sikuuona, nawe hukuuona wangu. Mlango ukafungwa, nikashuka.

Nywele tumezifukia kwa baba yako, mimi na Fusi, tukaweka mchanga mweupe juu. Nyeusi nimevua. Harusi ni Novemba.

Shangazi yako,
Lesieli


Campsie
12 Oktoba 1986

Shangazi,

Shikamoo. Leni amepoteza jino la mbele. Keith hakuongea nami siku mbili, siku ya tatu alinunua kadi ya rambirambi dukani, akaiandika, akanipa mkononi kama mtu wa posta. Nimeiweka juu ya friji. Bi Beryl anakuuliza kila wiki. Gauni lile jeupe halikutakata.

Usiku ule wa karamu ya nahodha sikutaka kwenda. Kichwa changu kilikuwa kama cha mtu aliyetoka hospitali. Bi Beryl akaja chumbani, akaninyoosha nywele za nyuma kwa kimkasi chake cha kucha, akanikalisha karibu yake. Nahodha akapita mezani akasema, mama, huu ni mtindo mpya? Bi Beryl akamjibu, "Amefiwa na baba yake." Shangazi, hakuna mtu aliyekuwa amelisema neno hilo mbele yangu kwa sauti. Nililia juu ya yule bata wa kitambaa mpaka akakunjuka.

Nikueleze, si kwa kujitetea. Barua ya Fusi niliisoma langoni mwa kiwanda. Nikaitia mfukoni, nikaingia zamu. Jioni nikachemsha viazi. Keith akauliza, habari za nyumbani? Nikasema wazima, baba anakusalimu. Neno lilitoka lenyewe, na likawa tamu. Huku hakuna anayemjua, Shangazi. Hakuna nguo nyeusi barabarani, hakuna anayekuja kukaa na mimi. Nikinyamaza, baba anaendelea kuwa hai, yuko Makave anafunga boti. Ningefika makaburini ningemkuta hayupo. Ninyi mlimzika pamoja, mkapika, mkaimba. Mimi nilikuwa nimzike peke yangu kati ya chakula cha mchana na honi. Miguu ilikataa. Niliusikia mkasi, ndipo akafa.

Sasa nataka kujua. Fusi aliandika "amepumzika", basi. Sikuuliza. Nakuuliza wewe: aliondokaje? Usinipambie, na usiruke kitu.

Tapaita


Makave
30 Novemba 1986

Tapaita,

Harusi imekwisha vizuri, nilikaa mahali pangu. Salamu nyingine Fusi atakuandikia mwenyewe. Mimi nakujibu ulichouliza.

Watu wengine wote niliwaambia kwamba aliwataja watoto wake mmoja mmoja na kuwabariki. Ndivyo inavyosemwa, na mchungaji aliipenda. Wewe umeniambia nisipambe. Hakumtaja mtu.

Alikuwa na kifua kibaya tangu Septemba. Alilala chumba cha mbele, na mimi nilikaa barazani chini ya dirisha lake, kama kawaida yetu. Mchana Fusi alimlisha uji, akala nusu. Aliuliza kama viazi vikuu vimepaliliwa, nikamwambia vimepaliliwa. Havikuwa vimepaliliwa. Jioni akataka redio. Ilikuwa imewekwa dirishani ili na mimi nisikie. Unakumbuka kwamba baada ya habari husomwa matangazo, boti zinazoondoka, vifo, kisha salamu za ndugu walioko ng'ambo. Hizo za mwisho alizisikiliza kila jioni tangu mwaka ulioondoka. Hakuwahi kusema anasikiliza nini, na mimi sikuwahi kumwuliza. Fusi akianza kuongea wakati huo, alimwambia, nyamaza kidogo, mama.

Jioni ile zilisomwa salamu kutoka Auckland, na kutoka Hawaii, na za mtu wa Melbourne kwa mama yake wa kisiwa cha 'Eua. Kisha muziki.

Akauliza, "Zimeisha?"

Nikasema zimeisha.

"Basi zima," akasema, "tutasikiliza kesho."

Nikanyoosha mkono nikazima. Nikamwuliza kama anataka maji. Hakujibu. Nikamwuliza tena, nikangoja, na kwa kuwa mimi ni dada yake na siingii chumbani kwake, nikamwita Fusi kutoka jikoni aingie badala yangu. Mimi nilibaki pale chini ya dirisha mpaka alipotoka.

Lesieli